Ulanguzi wa Tiketi: Anayeleta Sokoni na Anayeziba Njia

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema anaistahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kugawa riziki kwa hekima yake, akampa huyu kwa wingi na yule kwa kadiri, na wote akawawekea mizani moja ya uadilifu. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamuomba msaada na maghufira, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake, aliyekuwa akipita sokoni mwenyewe akitazama watu wanavyopimiana na wanavyouziana. Rehema na amani zimshukie yeye, na Ali zake, na Masahaba wake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na kwanza naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika ibada na katika muamala. Kwani wako watu wanaomcha Mola wao wakiwa msikitini, na wakishavaa viatu vyao huuacha ucha Mungu ule pale mlangoni, kana kwamba Mola wa mihrabu siye Mola wa soko.

Ndugu Waislamu, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani! Jambo tulilokusudia kulizungumza leo ni la sokoni. Vijana wetu, na miongoni mwao wanafunzi, wametuuliza: Je, ni halali mtu kununua tiketi nyingi za mechi au za tamasha, akazikalia mpaka watu wakahangaika, kisha akaziuza kwa bei mara mbili au mara tatu? Na zile sheria ambazo nchi mbalimbali zimezitunga kukataza jambo hilo, je, zinamfunga Muislamu katika dhamiri yake, au ni kanuni za serikali tu, ambazo asiyeonekana na askari hana dhambi?

Huenda mtu akasema: Mimbari ina nini na mpira? Jawabu ni kwamba hatukuja kusifu mchezo wala kuulaumu. Mchezo ulio mubaha, usiomsahaulisha mtu Sala yake wala kumtia katika maasia, una hukumu yake inayojulikana, na ulio na haramu ndani yake pia una hukumu yake. Tunalolitazama ni muamala. Kwa fedha inayotolewa mlangoni pa uwanja wa mpira, mtu anaweza kudhulumiwa kama anavyoweza kudhulumiwa kwa pishi ya mchele. Na anayeingiza nyumbani kwake fedha ya dhulma atawalisha nayo watoto wake, nao hawajui ilikotoka.

Lugha yetu imekwisha kulipa jambo hili jina lake. Kulangua ni kununua kwa ajili ya kuuza tena kwa bei ya kuwaumiza watu, na mwenye kufanya hivyo ni mlanguzi. Wazee wenu wa Tanzania wanaukumbuka mwaka 1983, serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu uchumi, wakati sabuni, sukari na nguo zilipokuwa zimeadimika madukani huku nyingine zimefichwa maghalani. Siku zile mlanguzi alihitaji ghala na kufuli. Mlanguzi wa leo hahitaji ghala. Ana simu yake au kompyuta yake, na katika nchi za mbali wako wanaotumia programu zinazonunua zenyewe tiketi kwa mamia, kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwezi, kabla mzazi aliyetaka kumpeleka mwanawe hajamaliza kuandika jina lake.

Basi tuanze na hoja ya mlanguzi mwenyewe, maana si uadilifu kumhukumu mtu asiyesikilizwa. Yeye husema: Tiketi nimeinunua kwa fedha yangu, imekuwa mali yangu, na mwenye mali hazuiwi na mali yake. Anayenunua kwangu amekuja kwa hiari, sikumshika shati. Kama bei ni kubwa, arudi kwao.

Hoja hii si ndogo, na iliwahi kusimama mbele ya majaji wakubwa. Sheria ya jimbo la New York, katika nchi ya Marekani, ilikuwa ikikataza kuuza tena tiketi za maonyesho kwa zaidi ya senti 50 juu ya bei iliyoandikwa. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja kanuni hiyo, majaji watano kwa wanne, na wale watano wakaona kwamba bei ya kiti cha maonyesho ni shughuli ya muuzaji na mnunuzi, haina maslaha ya umma ndani yake. Lakini mmoja wa wale wanne waliokhitilafiana nao, Jaji Harlan Stone, alieleza kwamba madalali walikuwa wamekwisha kuvitia mikononi mwao viti vilivyo bora, hata mtu wa kawaida hakuwa na mlango mwingine wa kuvipata. Mwaka 1965 mahakama hiyo hiyo ilithibitisha hukumu iliyoiacha sheria ya New York ya kuweka mpaka wa bei isimame. Basi mnaona kwamba wenye akili wa mataifa mengine nao wamevutana katika suala hili, na sehemu waliyovutania ni ile ile waliyoitafiti maulamaa wetu: Ni lini kuridhiana kwa muuzaji na mnunuzi kunakuwa kuridhiana kwa kweli?

Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa, ametukataza kuliana mali zetu kwa batili, na akatuhalalishia biashara iliyo na maridhiano baina yetu. Na Mtume (s.a.w.) hakuwa mwenye kuingilia bei za watu ovyo. Imepokewa kwa Anas bin Malik ya kwamba vitu vilighali Madina, watu wakamuendea Mtume wakamtaka awawekee bei. Akakataa, na akawaeleza kwamba kughalika na kurahisika kwa vitu kumo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hapana mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Mwenye kuitazama Hadithi hii peke yake atasema: Basi soko liachwe.

Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) aliweka milango ya soko na akaweka walinzi wake. Alikataza watu wa mjini wasitoke nje kuipokea misafara njiani, wakanunua bidhaa za watu wa shamba kabla hawajafika mjini na kujua bei. Alikataza mwenyeji kumfanyia mgeni udalali wa kumzuilia bidhaa yake ili iuzwe kidogo kidogo kwa ghali. Alimkataza mtu kuuza asichokuwa nacho, na akamkataza aliyenunua chakula asikiuze mpaka akipokee kwanza. Alikataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei ya kitu asichokitaka ili kumhadaa mwingine. Na alimlaumu sana mwenye kuhodhi. Yatazameni makatazo haya yote, mtaona yana roho moja. Bei inayopanda kwa sababu mvua imepungua, au kwa sababu wanunuzi ni wengi na kitu ni kichache, hiyo aliiacha. Bei inayopanda kwa sababu mtu amesimama katikati ya njia akaiziba, kisha akawauzia watu ruhusa ya kupita, hiyo hakuiacha.

Sayyidna Umar (Mwenyezi Mungu amuwie radhi) alilieleza jambo hili kwa maneno ambayo Imam Malik ameyapokea katika Muwatta. Maana yake ni kwamba katika soko la Madina hapana nafasi ya watu wenye fedha za ziada kuiendea riziki iliyoteremka uwanjani kwao wakaihodhi wenziwao wasiipate. Ama yule anayeleta bidhaa kwa taabu ya mgongo wake, wakati wa baridi na wakati wa joto, huyo Sayyidna Umar alimfanya mgeni wake mwenyewe, auze atakavyo na azuie atakavyo. Huo ndio mzani, ndugu zangu. Yuko mwenye kuleta, na yuko mwenye kuziba. Mwenye kuleta ameongeza kitu sokoni: amesafiri, amebeba, amehatarisha mali yake, na watu wamepata ambacho wasingalikipata. Mwenye kuziba hakuongeza kitu. Viti vya uwanja ni vile vile, idadi yake ni ile ile kabla hajaja na baada ya kuja. Alichokifanya ni kumtangulia mtu mwenye haja, kisha akamuuzia haja yake.

Sasa tuingie katika fikihi. Tiketi ni nini? Ile karatasi, au alama iliyomo katika simu, haina thamani kwa dhati yake. Ni ushahidi wa mkataba baina ya mwenye uwanja na mtu fulani, kwamba mtu huyo atakaa mahali fulani kwa muda fulani. Kwa hiyo iko karibu na ijara, yaani kukodi manufaa, kuliko kununua kitu. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Kishafi wamejuzisha mwenye kukodi amkodishe mwingine yale manufaa aliyoyakodi, akishayapokea, hata kwa zaidi ya alivyolipa. Mahanafi wakasema ile ziada aitoe sadaka, isipokuwa kama kile alichokikodi amekiongeza kitu cha kukitengeneza, au amelipwa kwa jinsi nyingine ya mali. Na katika kuhodhi, Imam Nawawi na Mashafi wengi wamesema kulikoharimishwa ni kuhodhi chakula. Bali Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, akasema ni kila kitu ambacho kuzuiliwa kwake kunawadhuru watu.

Nimeyataja haya ili msije mkasikia mtu akisema kwa ukali kwamba kila aliyeuza tiketi kwa faida amekula haramu bila ya khilafu. Si hivyo. Katika asili ya jambo pana nafasi ya maoni. Lakini pana mambo mawili yanayoiondoa nafasi hiyo. La kwanza ni udanganyifu. Ikiwa tiketi ni ya bandia, au muuzaji bado hana tiketi mkononi ila anatangaza kuiuza akitumaini kuipata baadaye, au amejiandikisha kwa majina kumi ya uwongo ili avuke kiwango alichowekewa, hapo hapana mwanachuoni wa kumuombea udhuru. La pili ni amri ya wenye mamlaka. Maulamaa wamesema kwamba tendo la kiongozi juu ya raia wake hufungamana na maslaha, na kwamba hukumu ya hakimu katika jambo la ijtihadi huondoa khitilafu. Sheria inayotungwa kwa maslaha ya kweli, isiyoamrisha maasia, inamuwajibikia Muislamu kuitii, aonekane au asionekane. Na hili ni jawabu la swali la pili la vijana wetu.

Imebaki kuuliza: Je, sheria hizi zina maslaha ya kweli? Tuzitazame mbili, ya Uingereza na ya Ireland.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, watu walisongamana katika vizimba vya washabiki, wakabanwa mpaka wakafa. Waliofariki kwa msiba ule wamefikia 97. Jaji Taylor aliyeuchunguza aliona kwamba sababu kubwa ilikuwa ni polisi kushindwa kuudhibiti umati, wala hakusema kwamba walanguzi ndio waliouleta msiba ule. Lakini katika ripoti yake ya mwaka 1990 kuhusu usalama wa viwanja kwa jumla, aligusia pia uuzaji wa tiketi kiholela. Pale washabiki wa timu mbili huwekwa mbalimbali ili wasipigane, na tiketi ndiyo inayomwambia kila mmoja upande wake. Mlanguzi hamuulizi mnunuzi ni wa timu gani. Anamuuliza ana fedha kiasi gani. Mwaka 1994 Bunge likatunga sheria iliyolifanya kuwa ni kosa la jinai mtu asiyeruhusiwa kuuza tiketi ya mechi za mpira zilizoainishwa, ijapokuwa kwa bei ile ile. Mtu atasema sheria hii ni nzito. Ndiyo, ni nzito, na sababu yake ni kulinda roho, na kulinda roho kunatangulia kulinda mali katika makusudio ya sharia yetu pia.

Ya pili ni ya Ireland, iliyoanza kutumika Julai 2021. Hii haikukusudia ugomvi wa washabiki. Imekusudia uadilifu wa bei. Imekataza kuuza tena tiketi kwa zaidi ya bei ya asili, katika kumbi na viwanja vilivyoainishwa vyenye nafasi ya watu 1,000 au zaidi na katika mashindano na tamasha zilizoainishwa, na imekataza pia zile programu za kununua kwa wingi. Mwenye kuivunja anaweza kutozwa faini hadi yuro 100,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili. Lakini angalieni upole uliomo ndani yake. Haikumkataza aliyeugua au aliyefiwa kumuuzia mwenzake kiti chake kwa bei aliyokinunulia. Na imeziachia jumuiya za hisani na vilabu vya michezo vya ridhaa nafasi ya kuuza kwa zaidi, ili wapate mchango wa kazi zao.

Basi mtu mwenye fikihi ataona kwamba sheria hizi mbili zina illa mbalimbali, na kwa hivyo hukumu zake ni mbalimbali. Palipo na khofu ya kumwagika damu, mlango umefungwa wote. Palipo na khofu ya dhulma ya bei, mlango umefungwa kwa mlanguzi na umeachwa wazi kwa mwenye udhuru. Na sheria njema ni ile inayoijua illa yake, isiyompiga asiyekuwa na kosa kwa fimbo iliyokusudiwa mwenye kosa.

Nasema kauli yangu hii, na namuomba Mwenyezi Mungu Mtukufu anighufirie mimi na nyinyi na Waislamu wote. Basi muombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwenye kughufiria, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa ihsani yake, na shukrani ni zake kwa taufiki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu, ambaye watu wa Makka walimuita Al-Amin kabla ya kupewa Utume, nao walimjua katika biashara.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Mwaka 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kazi ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Ni heshima kwa nchi zetu, na ni mtihani vile vile. Panapo umati pana biashara, na panapo biashara pana mwenye kuleta na pana mwenye kuziba. Kwa hiyo tunayoyazungumza si habari za Ulaya tu. Na kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Naanza na wenye kuandaa michezo na tamasha, maana ni dhulma kumkemea kijana wa mlangoni tukamnyamazia mkubwa wa ofisini. Tiketi zinazofika mikononi mwa walanguzi kwa mafungu hazikuota mbawa. Mara nyingine zilitoka kwa mtu aliyekabidhiwa azilinde, akazipitisha mlango wa nyuma kabla dirisha halijafunguliwa. Huyo ana madhambi mawili: ameziba njia na amekhini amana. Na kijana anayekamatwa na tiketi tano mkononi, pengine ni mkia tu wa nyoka ambaye kichwa chake kimekaa kwenye kiti cha enzi. Sheria inayokata mkia ikaacha kichwa haijamaliza kazi. Na mwandalizi akitaka watu wamheshimu katika sharti lake la kutouza tena, naye awafungulie mlango wa kumrudishia tiketi mtu aliyepatwa na udhuru, ampe fedha yake. Ukimnyima mtu njia ya halali, kisha ukamlaumu kwa kutafuta nyingine, hukumtendea insafu.

Na nyinyi vijana mnaotafuta riziki! Tunajua kwamba kazi ni adimu, na kwamba wengi wenu hamfanyi hivi kwa kupenda. Hatusemi kwamba udalali wote ni haramu. Dalali anayemkutanisha muuzaji na mnunuzi kwa ukweli, au anayepanga foleni kwa niaba ya mzee asiyeweza kusimama, akapewa ujira waliopatana kabla, huyo amefanya kazi na ujira wake ni halali, maadamu sheria ya nchi haikukataza. Huyo ni katika wenye kuleta. Lakini ukinunua tiketi ishirini nawe huendi uwanjani, ukazificha mfukoni, ukaambia watu zimekwisha, jiulize: Nimewaongezea nini watu hawa? Usipopata jawabu, jua kwamba ulichokichukua umekichukua kwenye haja zao. Na shilingi ya namna hiyo haina baraka, hata ikiwa nyingi. Huja kwa kishindo na huondoka kwa kimya.

Na wewe mwenye tiketi moja uliyeinunua kwa nia safi, kisha ukapata udhuru! Usijione mkosa. Itazame kwanza sheria ya nchi yako na sharti uliloandikiwa. Ukiruhusiwa, muuzie mwenzako kwa bei uliyonunulia, umueleze ni kiti gani, safu gani, na kama kuna sharti lolote. Watu wa Uingereza wamelifanya jambo hili kuwa sheria mwaka 2015: anayeuza tena tiketi kwa njia ya mtandao amelazimishwa kumbainishia mnunuzi mahali pa kiti, bei ya asili na masharti yaliyomo. Nasi tumefundishwa kubainisha kabla ya hapo kwa karne nyingi, pale Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake katika lundo la nafaka akakuta chini ni bichi, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione. Na ukimpa ndugu yako bure, palipo halali kumpa, basi hiyo ni hiba, na thawabu yake ni kubwa kuliko faida.

Na wewe mnunuzi, una sehemu yako. Mlanguzi haishi ila kwa fedha za asiyeweza kusubiri. Mtu mwenye watoto anayetoa fedha ya karo au ya posho ya juma zima kwa ajili ya saa mbili za mchezo, ameidhulumu nyumba yake kabla ya kudhulumiwa na mlanguzi. Mchezo ukikupita leo, hukupitwa na chochote cha Akhera. Na mkijizuia watu mia, bei itashuka yenyewe bila ya askari.

Na wenye mamlaka nao wajue kwamba sheria isiyotekelezwa kwa uadilifu huwafundisha watu kudharau sheria zote. Nchi zilizotutangulia bado zinatafuta njia. Marekani ilitunga mwaka 2016 sheria ya kukataza programu za kununua tiketi kwa wingi, Uingereza ikaweka kanuni ya namna hiyo mwaka 2018, na Novemba 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza kusudio la kukataza kuuza tena tiketi za muziki, michezo na maonyesho kwa zaidi ya bei ya asili. Wao wamefika hapo baada ya miaka mingi ya kuliachia soko. Nasi tusingoje mpaka tuumizwe ndipo tuzinduke. Tuwe na sheria iliyo wazi, inayomtenga mwenye udhuru na mlanguzi, inayomfikia mkubwa kabla ya mdogo, na inayotangazwa kwa lugha ambayo mtu wa mlangoni anaielewa.

Ndugu Waislamu! Mmemsikia Sayyidna Umar alivyowagawa watu wa soko katika mafungu mawili. Kila mmoja wetu, atokapo hapa, ajitazame katika kazi yake, iwe ni tiketi, au saruji, au mafuta ya taa, au nafasi ya mtoto shuleni: Je, mimi ni katika wanaowaletea watu kitu, au ni katika waliosimama njiani wakawauzia ruhusa ya kupita? Ajitazame leo, kwani kesho atatazamwa.

Ewe Mola wetu! Turuzuku kilicho halali na kizuri, na utukinaishe nacho. Tuepushe na haramu, ichache kwa nyingi. Wape vijana wetu kazi njema zenye baraka, na uwatoshelezee haja zao bila ya kuwadhuru wengine. Waongoze viongozi wetu katika uadilifu, na uwafanye walinzi wa wanyonge. Warehemu waliotutangulia katika imani, uwaponye wagonjwa wetu, na utukhitimishie kwa wema. Amin.

Simamisheni Sala.